Kupunguza Maumivu ya Sindano kwa Watoto: Funzo la Miwani ya Uhalisia Pepe

Maandishi ya mazungumzo ya elimu ya afya kwa wazazi, walezi na wahudumu wa afya ya jamii



Kuna maneno yanayosikika karibu katika kila boma, mjini na mashinani: "Ukiendelea kulia, daktari atakuja akudunge sindano." Huyasema mama, baba, nyanya, hata dada mkubwa aliyeachiwa mtoto. Nia huwa ni kumnyamazisha mtoto, na mara nyingi hunyamaza kweli. Lakini deni la maneno hayo hulipwa siku nyingine. Hulipwa siku ya kliniki, mtoto anapoona koti jeupe akashika nguzo ya lango asiingie, na watu wazima watatu wakalazimika kumbeba mzegamzega.

Mada ya leo ni hofu hiyo na maumivu ya sindano yenyewe. Baadhi ya hospitali duniani zimeanza kuyapunguza kwa kifaa kinachoitwa miwani ya uhalisia pepe. Kifaa hicho kinafaa kufahamika. Na linafaa kufahamika pia jambo kilichofundisha, kwa sababu sehemu kubwa ya funzo lake inaweza kutumika leo katika zahanati isiyo na kifaa chochote cha aina hiyo.

Kwa nini jambo hili si dogo

Wapo watakaosema kwamba sindano ni kitu cha sekunde chache, na kwamba wazazi wa leo nao walidungwa wakakua. Ni kweli. Lakini hesabu ifanywe vizuri. Mtoto wa Kenya huanza na chanjo ya kifua kikuu baada tu ya kuzaliwa. Hurudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Hurudi tena miezi 9 na miezi 18 kwa chanjo ya surua na rubela. Katikati ya hapo huugua homa akatobolewa kidole kupimwa malaria, au akatolewa damu mkononi, au akalazwa na kuwekewa dripu. Kisha, tangu Oktoba 2019, msichana anapofikisha umri wa miaka 10 hupewa chanjo ya HPV, inayomkinga na saratani ya mlango wa kizazi.

Mtoto mchanga hana namna ya kukataa. Msichana wa miaka 10 anayo. Anaweza kujificha chooni siku ambayo wauguzi wamefika shuleni. Anaweza kusema anaumwa na tumbo abaki nyumbani. Mzazi akidhani kwamba mtoto alichanjwa pamoja na wenzake, nafasi hiyo imepotea bila mtu kujua.

Wapo pia watoto ambao sindano kwao ni maisha ya kila wiki au ya kila siku. Mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu, ambao umeenea zaidi magharibi mwa nchi na pwani, hutolewa damu na kuwekewa dripu mara nyingi kabla hajamaliza shule ya msingi. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza huhitaji insulini kila siku, na hutobolewa kidole mara kadhaa ili sukari yake ipimwe. Watoto hawa wakiichukia hospitali, maisha yao huwa hatarini. Kijana anayeogopa sindano huficha maumivu ya seli mundu hadi yamzidi.

Mwaka 2012 watafiti wa Toronto, Kanada, walichapisha matokeo ya kuwauliza watoto 1,024 na wazazi 883 kuhusu hofu ya sindano. Watoto 63 kati ya kila 100 walisema wanaogopa. Kwa wazazi, walikuwa 24 kati ya kila 100. Na wazazi 7 na watoto 8 katika kila 100 walikuwa wamekosa kupata chanjo kwa sababu ya hofu hiyo. Hofu ya sindano, basi, haishii utotoni kwa kila mtu, na huwafanya watu wakose kinga.

Hata madaktari walichelewa kulikubali hili

Isidhaniwe kwamba ni wazazi peke yao waliodharau maumivu ya mtoto. Hadi miaka ya 1980, madaktari wengi waliamini kwamba mishipa ya fahamu ya mtoto mchanga haijakomaa vya kutosha kuhisi maumivu kama mtu mzima. Katika nchi tajiri, watoto waliozaliwa kabla ya wakati walifanyiwa upasuaji wakipewa dawa kidogo sana ya kutuliza maumivu, au bila kupewa kabisa. Mwaka 1987 daktari K.J.S. Anand na mwenzake P.R. Hickey walichapisha makala iliyokusanya ushahidi kwamba mtoto mchanga huhisi maumivu, na kwamba mwili wake hudhurika nayo. Ndipo desturi za hospitali zikaanza kubadilika.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1997, utafiti mwingine wa Toronto uliangalia wavulana waliofika kliniki kwa chanjo wakiwa na umri wa miezi 4 hadi 6. Waliokuwa wametahiriwa wakiwa wachanga bila dawa ya ganzi walionyesha maumivu makali zaidi wakati wa chanjo kuliko ambao hawakuwa wametahiriwa. Kumbukumbu ya kisu ilikuwa imebaki mwilini ingawa mtoto hakuwa na maneno ya kuieleza. Yule asemaye kwamba mtoto atasahau husema kweli nusu tu. Mtoto husahau siku, ila mwili hukumbuka.

Miwani inavyofanya kazi

Miwani ya uhalisia pepe ni kifaa kinachofungwa kichwani kama miwani mikubwa ya kuogelea. Ndani yake mna skrini mbele ya kila jicho. Aliyeivaa haoni tena chumba alichomo. Huona mahali pengine palipobuniwa kwa kompyuta, na akigeuza kichwa kushoto au juu, mandhari nayo hugeuka kana kwamba yumo ndani yake. Kwa kawaida kuna pia vipaza sauti masikioni, ili asisikie vyombo vya muuguzi vikigongana kwenye sinia.

Kazi ya kuitumia dhidi ya maumivu ilianza kwa wagonjwa wa moto. Katika mji wa Seattle, Marekani, wanasaikolojia Hunter Hoffman na David Patterson walikuwa wakitafuta njia ya kuwasaidia watu walioungua. Mgonjwa aliyeungua huumia zaidi wakati wa kusafishwa vidonda, na dawa kali peke yake haitoshi. Mwaka 2000 walichapisha taarifa ya vijana wawili, mmoja wa miaka 16 na mwingine wa miaka 17, waliohudumiwa vidonda wakiwa wamevaa miwani hiyo. Maumivu waliyoyaeleza yalikuwa madogo kuliko walipokuwa wakicheza mchezo wa kawaida wa video. Baadaye timu hiyo ilitengeneza ulimwengu wa barafu uitwao SnowWorld, ambamo mgonjwa hupita kati ya magenge ya theluji akiwarushia ndege na masanamu ya theluji mabonge ya theluji. Aliyeunguzwa na moto hupelekwa mahali pa baridi.

Je, huko ni kumdanganya mgonjwa tu? Mwaka 2004 watafiti hao waliwaweka watu wazima wenye afya ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, wakawagusisha joto la kuumiza kidogo mguuni. Watu hao walipokuwa ndani ya ulimwengu wa barafu, kazi ya ubongo inayohusiana na maumivu ilipungua katika sehemu 5 tofauti. Hawakuwa wakijikaza kiume ili kumfurahisha mtafiti. Ubongo wenyewe ulikuwa ukipokea maumivu machache.

Sababu yake inaeleweka kwa mfano wa lango. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall waliandika kwamba habari ya maumivu haiendi moja kwa moja kutoka kwenye ngozi hadi kwenye ubongo. Hupitia kwenye uti wa mgongo, mahali panapofanya kazi kama lango linaloweza kufunguliwa au kubanwa. Mguso mwingine huweza kulibana, na ndiyo maana aliyejigonga goti hulisugua bila kufikiri. Ubongo pia huweza kulibana kutoka juu kwa njia ya mawazo na umakini. Mtu akiwa na hofu na akili yake yote iko kwenye sindano, lango huachwa wazi. Akili ikishikwa na jambo jingine, lango hubanwa. Wachezaji wa kandanda wanalijua hili: mtu hukanyagwa kipindi cha kwanza na kuona damu mguuni filimbi ya mwisho ikishalia.

Kutoka kwenye vidonda hadi kwenye sindano

Kilichofaa kwa vidonda kikajaribiwa kwa sindano. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya majaribio mawili yaliyofanywa Australia kwa watoto 252 wa umri wa miaka 4 hadi 11. Baadhi walikuwa katika idara ya dharura na wengine maabara, wote wakisubiri kutolewa damu au kuwekewa mrija wa dripu. Waligawanywa bila upendeleo: nusu walivaa miwani, nusu walipewa huduma ya kawaida. Kila mtoto alionyesha maumivu yake kwa kuchagua uso kati ya nyuso 6 zilizochorwa, kuanzia uso usio na maumivu, ambao ni 0, hadi uso wenye maumivu makali kabisa, ambao ni 10. Tofauti kati ya makundi hayo ilikuwa takribani alama 1.8 katika idara ya dharura na alama 1.4 maabara, waliovaa miwani wakiwa na nafuu.

Namna moja ya programu iliyobuniwa Australia humpeleka mtoto chini ya bahari. Muuguzi anapompaka dawa ya kusafisha ngozi, mtoto huona maji yakipita juu ya mkono wake. Sindano inapoingia, huona samaki wadogo wakija kumdonoadonoa. Mtoto hafichwi kwamba kuna kitu kinamgusa. Mguso ule ule hupewa maana nyingine isiyotisha.

Huko Los Angeles, Marekani, hospitali ya watoto nayo ilijaribu miwani hiyo kwa vijana wa miaka 10 hadi 21 waliokuwa wakitolewa damu na wengine waliowekewa dripu. Waliovaa miwani walikuwa na maumivu na wasiwasi mdogo kuliko waliohudumiwa kwa njia ya kawaida.

Hata hivyo, ukweli wote usemwe. Mwaka 2020 shirika la Cochrane, linalopima ubora wa tafiti za afya, lilikusanya majaribio 17 yaliyohusisha watoto na vijana 1,008 wa miaka 4 hadi 18. Lilihitimisha kwamba ushahidi ulikuwa bado wa kiwango cha chini, kwa kuwa majaribio mengi yalikuwa madogo, na haiwezekani kumficha mtoto kwamba amevaa miwani au hakuvaa. Kwa hiyo kifaa hiki ni msaada wa kutumainiwa. Hakichukui nafasi ya dawa ya ganzi wala ya muuguzi mwenye mkono mwepesi.

Tena hakimfai kila mtoto. Kinaweza kuleta kichefuchefu na kizunguzungu. Mtoto mwenye kifafa, mwenye jeraha la kichwa au la macho, anayetapika, au mwenye macho mekundu yanayoambukiza, hafai kuvishwa. Mtoto mdogo sana hawezi kukitumia, maana hata fremu yake haimkai. Na mtoto asiyependa kufunikwa macho asilazimishwe. Wapo watoto wanaotulia zaidi wakiona kinachofanyika.

Zahanati isiyo na miwani

Swali la mzazi sasa ni hili: zahanati ya karibu haina miwani hiyo, je, mazungumzo haya yana faida gani? Faida yake ni kuuliza miwani inafanya nini hasa. Inafanya mambo manne. Inaiondoa akili ya mtoto kwenye sindano. Inampa mtoto kazi ya kufanya, badala ya kuwa mtu wa kufanyiwa tu. Inamzuia asione vyombo vinavyotisha. Na inawafanya watu wazima waliomzunguka watulie. Mambo yote manne yanaweza kufanywa bila umeme.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupunguza maumivu wakati wa chanjo, wenye hatua zinazofaa nchi zote, tajiri na maskini. Mengi ya yafuatayo yanaafikiana na mwongozo huo.

Kwa mtoto anayenyonya, dawa ya kwanza ni titi la mama. Mama amnyonyeshe mtoto wakati wa kudungwa, au muda mfupi kabla. Cochrane ilipokusanya tafiti 10 zenye watoto 1,066 waliovuka umri wa mwezi mmoja, ilionekana kwamba walionyonyeshwa walilia kwa muda mfupi zaidi, kwa wastani wa sekunde 38 pungufu. Mama anayeogopa kwamba mtoto atapaliwa amnyonyeshe wakiwa kwenye foleni, kisha ampakate kifuani. Mtoto asipewe asali. Haifai kwa aliye chini ya mwaka mmoja. Muuguzi naye hutanguliza chanjo za matone ya mdomoni, na kati ya sindano mbili, ile inayouma zaidi huja mwisho.

Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, jambo kubwa ni namna anavyoshikwa. Mtoto akilazwa chali na kukandamizwa mikono na miguu, mwili wake huelewa kwamba ameshambuliwa. Akiketi wima mapajani kwa mzazi, kifua kwa kifua au ubavu kwa kifua, mkono mmoja wa mzazi ukimkumbatia na mwingine ukituliza paja au mkono unaodungwa, hushikika vizuri zaidi naye huhisi yuko nyumbani. Kumkumbatia ni kumshika pia.

Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 6, mzazi abebe kitu cha kumshughulisha. Kinaweza kuwa gari la waya, mwanasesere, kijitabu cha picha, au katuni kwenye simu. Mtoto apewe kabla sindano haijaonekana, wala si baada ya kilio kuanza. Mapovu ya sabuni ni bora zaidi, kwa sababu mtoto anayepuliza mapovu huvuta pumzi ndefu bila kuambiwa, na pumzi ndefu hutuliza mwili. Asiye na mapovu apulize vidole 5 vya mama kana kwamba ni mishumaa, kimoja baada ya kingine. Wimbo anaoupenda, hadithi ya sungura na fisi, au kuhesabu madirisha ya chumba, yote yanafaa. Ni uhalisia pepe wa bibi na babu: hadithi nzuri humtoa mtoto chumbani akiwa bado ameketi pale pale.

Kwa mtoto wa shule, heshima ndiyo dawa. Aelezwe mapema kinachokuja na sababu yake. Apewe uchaguzi wa kweli: mkono wa kushoto au wa kulia, kutazama au kugeuka, kuhesabu au kuimba. Asipewe uchaguzi usiokuwepo. Kumuuliza, "Uko tayari kudungwa au hutaki?" wakati lazima adungwe ni kumtega.

Kwa vijana wanaochanjwa shuleni, tahadhari nyingine ni kuzimia. Anayejijua kwamba huzimia aseme mapema, alale au aketi vizuri, akaze misuli ya miguu na tumbo kwa sekunde chache kisha ailegeze kidogo, na arudie hivyo. Baada ya chanjo abaki ameketi kwa dakika 15. Foleni pia ipangwe hivi kwamba anayedungwa haonekani na mia wanaosubiri, kwa maana kilio cha mmoja huwa hofu ya wote.

Maneno yana uzito wake

Yapo maneno yanayoongeza maumivu ingawa husemwa kwa upendo. La kwanza ni "haiumi". Mtoto akishadungwa na kuona kwamba inauma, hujifunza kwamba mama husema uongo hospitalini, na safari ijayo hatamwamini hata kwa jambo la kweli. La pili ni "pole, pole, pole" linalorudiwa kabla ya sindano. Wataalamu wa saikolojia ya watoto wamegundua kwamba kubembeleza kupita kiasi na kuomba radhi kabla humfanya mtoto aamini kwamba jambo baya sana linakuja. La tatu ni "mwanaume halii". Kulia si kosa. Mtoto aruhusiwe kulia, ila asitukanwe wala kuchekwa.

Yafaa zaidi kusemwa hivi: "Utahisi kufinywa kidogo, kisha itaisha. Nitakuwa nimekushika. Wewe kazi yako ni kupuliza." Hayo ni maneno ya kweli, mafupi, na yana kazi ndani yake. Muuguzi naye badala ya "chunga, inachoma sasa!" aseme kwa sauti ya kawaida, "Haya, tunaanza." Baada ya sindano, mtoto asifiwe kwa alichofanya vizuri: "Ulipuliza vidole vyote 5!" Sifa hiyo ndiyo kumbukumbu atakayorudi nayo safari ijayo. Kumbukumbu ya sindano hujengwa pia njiani mkirudi nyumbani.

Mambo mawili ya tahadhari. Kwanza, mahali pa chanjo pasisuguliwe wala kukandwa. Pili, mtoto asipewe dawa ya maumivu kabla ya chanjo kwa kudhani itazuia uchungu. Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuathiri namna mwili unavyoipokea chanjo. Akipata homa baadaye, mzazi afuate maelezo ya muuguzi.

Haki ya kuuliza

Wazazi wengi huona haya kuuliza lolote mbele ya daktari. Hakuna utovu wa adabu katika kusema, "Sista, naomba nimpakate mwenyewe," au "Daktari, naweza kumnyonyesha wakati unamdunga?" Ni maombi yasiyogharimu hata shilingi. Muuguzi mwenye foleni ya akina mama 60 anaweza kuona kwamba yatamchelewesha, lakini mtoto aliyetulia hudungwa mara moja, na mtoto anayepigana hudungwa mara mbili.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka vituo vya afya na hospitali za kaunti mikononi mwa serikali za kaunti, na inataka wananchi washirikishwe katika maamuzi. Kwa hiyo suala la kununua miwani ya uhalisia pepe kwa hospitali fulani ni suala ambalo wakaazi wanaweza kulijadili katika vikao vya bajeti kama wanavyojadili barabara na maji. Wanaolijadili wakumbuke mambo mawili. Kifaa hiki hakinunuliwi kikaisha: kinahitaji kuchajiwa, kusafishwa baada ya kila mtoto, kuhifadhiwa, na mtu aliyefunzwa kukitumia. Na mahali kinapostahili kuanzia ni wodi ya watoto wanaodungwa tena na tena, yaani walioungua, wenye seli mundu, wenye saratani. Si lango la kliniki ya chanjo, ambako titi, paja la mzazi na wimbo hutosha kwa wengi.

Lakini kabla ya kikao cha bajeti, kuna uamuzi ambao hauhitaji kupitishwa na bunge la kaunti. Ni kuacha kumtishia mtoto kwa sindano. Kuanzia jioni ya leo, mtoto akilia nyumbani, daktari asiitwe. Daktari abaki kuwa mtu anayeponya. Kisha, siku ya kliniki ikifika, mzazi abebe Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto mkono mmoja, na mkono wa pili abebe kitu cha kuchezea.

Wahudumu wa afya ya jamii, mnapotembelea kaya, ongezeni swali moja kwenye maswali yenu ya kawaida. Msiulize tu, "Mtoto amepata chanjo zote?" Ulizeni pia, "Mara ya mwisho alipodungwa, ilikuwaje?" Pale mama atakaposimulia mtoto aliyepiga mayowe hadi akatapika, au msichana aliyetoroka kupitia uani, ndipo penye mtoto ambaye huenda asirudi kliniki. Huyo ndiye wa kuanza naye.